Jina moja halikumtosha Mjapani

Tokugawa Ieyasu, ambaye ukoo wake uliitawala Japani tangu 1603 hadi miaka ya 1860, hakuzaliwa na jina hilo. Alipozaliwa mwaka 1543 aliitwa Takechiyo. Akiwa kijana mateka mikononi mwa bwana Imagawa Yoshimoto, alipewa jina la utu uzima, Motonobu, na ile "moto" ilimegwa kutoka jina la bwana mwenyewe. Baadaye akawa Motoyasu. Mwaka 1560 Yoshimoto aliuawa katika vita vya Okehazama, na miaka mitatu baadaye kijana huyo akaiacha "moto" na kujiita Ieyasu. Aliyelisikia jina hilo jipya alielewa kwamba utii kwa nyumba ya Imagawa umekwisha.

Kwa karne nyingi jina la Mjapani wa tabaka la samurai lilibadilika kadiri maisha yake yalivyobadilika. Utotoni aliitwa jina la kitoto, mara nyingi likiishia na "-maru" au "-chiyo". Ilipofika sherehe ya genpuku ya kuingia utu uzima, alitengenezwa nywele kiutu uzima, akavishwa kofia, akapewa jina halisi. Jina hilo halikuchezewa. Kumwita mtu kwa jina lake halisi kulikuwa utovu wa adabu, hivyo watu walitumia jina la kawaida au cheo. Inasimuliwa kwamba Saigō, shujaa wa Mapinduzi ya Meiji yaliyouondoa utawala wa Tokugawa, alipotakiwa kuandikishwa kwa ajili ya cheo cha kifalme, rafiki yake hakulikumbuka jina lake halisi, Takanaga, akaandika Takamori, ambalo lilikuwa la baba yake. Marafiki walikuwa wamezoea kumwita Kichinosuke. Historia ikamshika kwa jina la baba.

Lakabu nazo zilikuwa na nafasi yake. Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa mtu wa chini aliyepanda hadi kuitawala nchi, anakumbukwa kwa jina la utani la Saru, yaani nyani. Bwana wake, Oda Nobunaga, alimwandikia barua Nene, mke wa Hideyoshi, akamwita mumewe "panya mwenye upara". Barua yenyewe ilikuwa ya kumtuliza Nene, aliyekuwa akilalamikia mwenendo wa mumewe.

Hideyoshi huyohuyo alipopata mtoto wa kiume mwaka 1589, alimpa jina la kudekeza la Sute, "aliyetupwa". Watu waliamini kwamba mtoto aliyetupwa kisha akaokotwa hukua salama. Sute alifariki 1591. Mwingine alipozaliwa 1593, aliitwa Hiroi, "aliyeokotwa". Huyo ndiye Hideyori, na alikua akawa mtu mzima. Jina lilikuwa kinga ambayo hata mtawala mwenye majeshi aliitegemea.

Kwa wakulima na mafundi mambo yalikuwa mepesi zaidi. Wavulana waliitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Tarō wa kwanza, Jirō wa pili, Saburō wa tatu. Wasichana walipewa majina mafupi kama Ume, mti wa plamu, Matsu, msonobari, au Tsuru, korongo, ndege wa maisha marefu. Wazazi waliochoka kuzaa walimwita binti Tome, "komesha", au Sue, "wa mwisho".

Kisha serikali ya Meiji ikaingilia kati. Kwa amri za mwaka 1872, mwaka ambao daftari jipya la familia lilianza kutumika nchi nzima, kila mtu alitakiwa awe na jina moja, na asilibadilishe ovyo. Mwaka 1875 watu wa kawaida nao wakalazimishwa kuwa na jina la ukoo. Dola iliyotaka kodi na askari ilihitaji kujua nani ni nani.

Tangu hapo matumaini yote ya wazazi yalilazimika kuingia katika jina moja. Kiambishi "-ko", yaani mtoto, ambacho zamani kilikuwa cha mabinti wa tabaka la juu, kilienea hadi vijijini na kutawala majina ya wasichana kwa miongo kadhaa. Enzi ya Shōwa ilipoanza 1926, akina Kazuko waliongezeka, kwa kuwa "kazu" huandikwa kwa herufi ya pili ya jina la enzi hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wavulana wengi waliitwa Masaru, ushindi.

Uzito wa jina umo pia katika maandishi. Yōko mmoja huandikwa kwa herufi yenye maana ya bahari, kama Yoko Ono, mwingine kwa herufi ya jua, mwingine ya jani. Baada ya vita sheria iliweka orodha ya herufi zinazoruhusiwa, na zimeongezwa mara kadhaa. Mwaka 1993, wazazi wa Akishima, Tokyo, walipotaka kumsajili mtoto wao kwa jina Akuma, shetani, ofisi ya mji ilikataa, na mabishano yakafika mahakamani. Tangu tarehe 26 Mei 2025 hata matamshi ya jina husajiliwa, na lazima yawe yanayokubalika kwa jamii.

Sheria zote hizo hazijaua mila. Familia nyingi bado huliandika jina la mtoto kwa brashi na wino kwenye karatasi nyeupe usiku wa saba tangu azaliwe, na kulibandika ukutani ili jamaa walisome. Shuleni mtoto aitwaye Takashi atageuka Taka-chan, jina la kudekeza, na akikua wachache watabaki na ruhusa ya kumwita hivyo. Ukikutana na Mjapani, muulize jina lake linaandikwaje. Huenda akakueleza wazazi wake walimwombea nini.