Maduara ya Matofali

Mtu apitaye njia moja kila siku huacha kuiona. Ndivyo walivyo wakaazi wengi wa San Francisco, mji wa vilima na ukungu ulioko California, Marekani. Katika njia panda zao mna maduara mapana ya matofali yaliyolazwa sawasawa na lami, na kati ya kila duara mfuniko wa chuma. Mgeni huyadhania pambo.

Chini yake mna birika. Msomaji wa pwani, aliyezoea birika la msikitini, atastaajabia ukubwa wake: mengi huchukua galoni 75,000, karibu lita 284,000. Yapo zaidi ya 170, wala hayategemei mabomba ya mji. Na hiyo ndiyo siri yake.

Mji ule ulizaliwa kwa mbao na turubai, watu walipokimbilia dhahabu. Baina ya Disemba 1849 na Juni 1851 uliungua mara sita. Ndipo yakachimbwa mabirika ya mwanzo. Baadaye yakaja mabomba, na mabirika yakapuuzwa. Apataye mfereji hana haja tena na kisima, au hudhani hivyo.

Dennis Sullivan, mkuu wa wazimamoto, hakudhani hivyo. Aliwasihi wakubwa wa mji wayafufue mabirika na waweke mabomba ya maji ya bahari, hakusikizwa. Tarehe 18 Aprili 1906, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri, ikaja zilizala. Dohani la hoteli ya jirani liliporomokea kituo alichokuwa amelala. Alifariki siku nne baadaye, na vita alivyovitabiri vikapiganwa pasi na yeye. Mabomba makuu yalikatika ardhini. Wazimamoto walifungua, wakakuta makavu. Moto ulikula majengo zaidi ya 28,000, na waliokufa hukadiriwa kufikia 3,000.

Lakini kwenye mtaa wa Mission, pembeni mwa barabara za Church na 20th, bomba moja la zimamoto lilikutwa lingali na maji. Liko juu ya kilima, na farasi walikuwa hoi. Raia wakalisukuma gari la zimamoto kwa mikono yao wenyewe mpaka juu, na moto ukakomeshwa upande ule.

Mwaka 1908 wapiga kura waliidhinisha fedha alizokuwa akiziomba marehemu. Kufikia 1913 mji ulikuwa na mabomba ya pekee ya kuzimia moto, tangi la galoni milioni 10 juu ya Twin Peaks, mitambo ya kuvuta maji ya bahari, na mabirika mapya. Hata haya hayakuwa kinga timamu. Katika tetemeko la 17 Oktoba 1989 mabomba hayo nayo yalivunjika mahali mahali, na mtaa wa Marina ukanusurika kwa maji ya ghuba yaliyovutwa na mashua ya zimamoto iitwayo Phoenix, wenyeji wakisaidia kutandaza mipira.

Bomba la Church na 20th lingalipo, limepakwa rangi ya dhahabu. Kila 18 Aprili, kungali na giza, watu hupanda kile kilima na makopo ya rangi, wakalipaka upya juu ya rangi ya mwaka uliopita.