Nyuki mmoja na moyo wa mrina asali

Kwenye miteremko ya Uluguru, mizinga ya magogo hutundikwa mitini na asali hurinwa usiku kwa moshi, maana nyuki wa huku hawana mchezo. Ukali wao umevuka hata bahari. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtafiti wa Brazil, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tabora. Mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka, na kizazi chao kikasambaa hadi Marekani.

Kwamba nyuki wengi huua, mrina asali yeyote analijua. Lililowasumbua wataalamu ni kifo cha mtu aliyeumwa na mmoja tu.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1902, pale Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walipowadunga mbwa sumu ya kiumbe wa baharini. Mara ya kwanza mbwa walistahimili. Baada ya wiki kadhaa, kiasi kidogo tu kiliwaua. Hali hiyo, mzio mkali, waliiita anafilaksi, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Muuaji, kumbe, ni kinga ya mwili yenyewe.

Moyo, hata hivyo, ulibaki pembeni kwa miongo mingi. Mgonjwa akianguka, lawama zilienda kwa presha iliyoshuka. Mwaka 1991 Nicholas Kounis wa Patras, Ugiriki, na mwenzake Zavras walieleza jinsi mzio unavyoweza kuukaba moyo moja kwa moja. Seli zinazomwaga histamini, kemikali ya mzio, zimo hata kwenye kuta za mishipa ya moyo. Zikichokozwa, mshipa hujikunja; ukiwa na mafuta yaliyoganda, yanaweza kupasuka na damu ikaziba njia. Kwa hiyo hata kijana mwenye mishipa safi hayuko salama.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo tunapokosea vijijini: mzee ameshika kifua, watu wanasema ni presha, na nyigu aliyemuuma shambani hatajwi kabisa.

Adrenalini, dawa ya kwanza ya anafilaksi, Jokichi Takamine aliitangaza mwaka 1901. Dawa ilitangulia jina la ugonjwa, tena si ya bei kubwa. Zahanati ya mlimani isiyo nayo ina kasoro isiyo na udhuru.

Wewe unayerina, ukiumwa, kwangua mwiba upesi, kwani huendelea kusukuma sumu. Kifua kikibana, pumzi ikikata au kichwa kikizunguka, usisubiri kupambazuke. Wahi zahanati, na neno la kwanza kwa mganga liwe hili: nimeumwa na nyuki.