Ulinzi wa pwani na usalama wa majini: nani anakuja kukuokoa chombo kikizama?

Huku Misima, kati ya Handeni na Korogwe, bahari hatuioni. Lakini mto Pangani, ambao Korogwe wengi tunauita Ruvu, unamwaga maji yake Bahari ya Hindi, na watu wetu nao huishia hukohuko. Mfanyabiashara wa mahindi anayepeleka mzigo Unguja, kijana anayefuata kibarua Pemba, bibi anayekwenda kumwona mjukuu aliyeolewa Mkokotoni: wote hawa siku moja watasimama kwenye gati la Tanga, Pangani au Dar es Salaam na kukabidhi maisha yao kwa nahodha wasiyemjua.

Swali la makala haya ni hili: chombo kikipata matatizo, nani ana kazi ya kuja? Nani alipaswa kukizuia kabla hakijang'oa nanga? Na kwa nini nchi za Ulaya, ambazo nazo zimezika watu wengi baharini, ziliamua kuunganisha kazi hizi badala ya kila ofisi kujifungia na lake?

Maana ya "kazi za walinzi wa pwani"

Watu wengi wakisikia walinzi wa pwani hufikiria askari na bunduki. Bunduki ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Kwa kawaida kazi za walinzi wa pwani ni hizi:

- Kutafuta na kuokoa watu waliopatwa na ajali majini.
- Kukagua vyombo kama vinafaa kusafiri, na kuvizuia visipofaa.
- Kuongoza mwendo wa meli na kutoa taarifa za hali ya hewa na hatari.
- Kulinda mazingira, hasa mafuta yakimwagika.
- Kudhibiti uvuvi haramu.
- Kuzuia magendo, uharamia, dawa za kulevya na usafirishaji wa binadamu.
- Forodha na uhamiaji kwenye mipaka ya majini.

Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona ugumu uliopo. Kazi ni nyingi na kila moja ina ofisi yake, lakini bahari ni moja. Mashua inayobeba magendo usiku inaweza kuwa ndiyo inayobeba abiria kupita kiasi, na ndiyo itakayozama kesho. Anayeiona wa kwanza anaweza kuwa ofisa wa uvuvi ambaye hana mamlaka ya kuizuia wala simu ya kumfikia mwenye mamlaka.

Ajali nne ambazo Tanzania haizisahau

*MV Bukoba, 21 Mei 1996.* Meli hii ilikuwa ikitoka Bukoba na ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800, ilhali uwezo wa meli ulikuwa abiria wasiofika 500. Meli ilibaki imeelea kichwa chini, na ndani kulikuwa na watu walio hai. Waokoaji walipotoboa sehemu ya chini ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka na meli ikazama kabisa. Wapiga mbizi wenye vifaa ilibidi waje kutoka Afrika Kusini.

*MV Spice Islander I, 10 Septemba 2011.* Ilikuwa usiku, meli ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilizama katika mkondo wa Nungwi, mahali ambapo kila baharia wa Zanzibar anajua kuwa maji yana nguvu. Tume ya uchunguzi ilieleza baadaye kuwa meli ilibeba watu zaidi ya 2,400, ingawa iliruhusiwa kubeba takriban 600. Waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Siku za mwanzo idadi iliyotangazwa ilikuwa ndogo mno kuliko hiyo, kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda.

*MV Skagit, 18 Julai 2012.* Hata mwaka haujaisha, boti hii iliyotoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe bahari ikiwa imechafuka. Karibu nusu ya waliokuwemo hawakurudi. Boti hiyo ilikuwa imefanya kazi miaka mingi jimbo la Washington nchini Marekani kabla ya kuletwa kwetu.

*MV Nyerere, 20 Septemba 2018.* Kivuko hiki kilipinduka kikiwa mita chache tu kabla ya gati la kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Uokoaji ulisimama usiku ulipoingia.

Hapa kwetu Tanga pia yapo. Januari 2017 boti iliyokuwa ikielekea Pemba ilizama na watu wasiopungua 12 wakapoteza maisha.

Ukiziweka ajali hizi pamoja, mambo matatu yanajirudia. Chombo kilijaa kupita uwezo, na kuna aliyekiona kikijaa. Hakuna aliyejua kwa hakika ni watu wangapi wamo. Na waliofika wa kwanza kuokoa walikuwa zaidi wavuvi wa jirani. Hata ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, Novemba 2022, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia. Watu 19 walikufa na 24 walipona.

Ulaya nao walijifunza kwa misiba

Tusidhani wenzetu walizaliwa na utaratibu. Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kwa sababu kiliondoka milango ya magari ikiwa wazi. Watu 193 walikufa. Septemba 1994 kivuko Estonia kilizama katika bahari ya Baltiki na kuua watu 852.

Baada ya hapo Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1998 kanuni ambayo kwa mtu wa kawaida ndiyo muhimu kuliko zote: kila meli ya abiria ihesabu watu kabla ya kuondoka, isiondoke ikiwa imezidisha, na katika safari inayozidi maili 20 za baharini, yaani kama kilomita 37, majina yaandikwe na kuhifadhiwa nchi kavu. Kwa kipimo hicho, safari ya Tanga kwenda Pemba ingehitaji orodha ya majina, na orodha hiyo isingebaki mfukoni mwa nahodha.

Kisha ikaja misiba ya mafuta. Desemba 1999 meli ya mafuta Erika ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Ufaransa, na Novemba 2002 Prestige ikafanya hivyohivyo nje ya Hispania. Mafuta hayakujali mpaka wa nchi yoyote. Mwaka 2002 Ulaya ikaunda wakala wa usalama wa bahari, EMSA, ambao ofisi yake iko Lisbon. Baadaye ukaundwa wakala wa mipaka, Frontex, ulioko Warsaw, na wakala wa kudhibiti uvuvi, EFCA, ulioko Vigo nchini Hispania.

Hata hivyo tatizo la ofisi nyingi halikuisha. Umoja wa Ulaya wenyewe ulihesabu zaidi ya mamlaka 300 za kiraia na kijeshi katika nchi wanachama zinazofanya kazi za walinzi wa pwani. Mwaka 2009 wakuu wa mamlaka hizo walianza kukutana katika jukwaa moja. Mwaka 2016, baada ya maelfu ya wahamiaji kufa bahari ya Mediterania, sheria za wakala wale watatu zilibadilishwa ili walazimike kushirikiana: kupeana taarifa, kutumia pamoja picha za setelaiti na ndege, kufundishana, na kutumia meli moja kwa kazi zaidi ya moja. Meli iliyotoka kukagua wavuvi inaweza pia kutafuta mafuta yaliyomwagika, na ikipata habari ya chombo kinachozama inageuza uelekeo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Ulaya haikuunda jeshi moja la pwani. Kila nchi ilibaki na vikosi vyake. Kilichounganishwa ni taarifa, mafunzo na vifaa. Na hata hivyo watu wanaendelea kufa Mediterania, kwa sababu kujua chombo kiko wapi hakutoshi kama hakuna aliyekubali kwamba kumfuata ni wajibu wake.

Kwetu Tanzania nani anafanya nini?

Tanzania haina kikosi kimoja kinachoitwa walinzi wa pwani. Kazi zimegawanywa hivi:

- TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, liliundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuanza kazi 2018. Lilichukua kazi za majini zilizokuwa chini ya SUMATRA. Ndilo linalokagua na kusajili vyombo Tanzania Bara.
- ZMA, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, inafanya kazi kama hiyo upande wa Zanzibar.
- KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ndicho kilicho karibu zaidi na walinzi wa pwani kule Zanzibar, na kinashiriki uokoaji.
- Polisi Wanamaji na Jeshi la Wanamaji la JWTZ wanahusika na uhalifu na ulinzi.
- Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa tahadhari za upepo na mawimbi.
- Mamlaka za bandari, uvuvi, forodha na uhamiaji nazo zina sehemu zao.

Katikati ya wote yupo msimamizi wa uokoaji: kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji cha Dar es Salaam. Kituo cha namna hii hakilazimiki kuwa na meli zake. Kazi yake ni kupokea wito wa hatari, kujua nani yuko karibu, na kumwagiza aende. Wito unaweza kuja kwa redio ya VHF chaneli namba 16, ambayo dunia nzima imetengewa dharura, au kwa kifaa kinachorusha ishara hadi setelaiti chombo kikizama. Mtumbwi usio na redio wala kifaa hicho, kwa kituo ni kama haupo.

Ushirikiano wa nchi za pwani yetu

Kituo cha Dar es Salaam hakikuzuka chenyewe. Oktoba mwaka 2000, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Usafiri Majini uliofanyika Florence, Italia, ilikubaliwa kuwa Afrika iwe na vituo vitano vikuu vya uokoaji na vituo vidogo chini yake. Mombasa ikawa kituo kikuu cha upande wetu na ilifunguliwa 2006, huku Dar es Salaam na Shelisheli zikifanya kazi nayo.

Uharamia wa Somalia ulisukuma jambo hili mbele zaidi. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulituma meli za kivita chini ya operesheni iitwayo Atalanta. Januari 2009 nchi za eneo hili, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Kanuni za Djibouti za kupambana na uharamia, na Dar es Salaam ikawa moja ya vituo vitatu vya kupeana taarifa pamoja na Mombasa na Sana'a. Mwaka 2017, mjini Jeddah, kanuni hizo zilipanuliwa kugusa uvuvi haramu, magendo na usafirishaji wa binadamu. Ulaya pia imesaidia kujenga kituo cha taarifa za baharini Madagaska na kituo cha kuratibu operesheni Shelisheli.

Upo vilevile mkataba wa nchi za Bahari ya Hindi wa kukagua meli za kigeni zinapoingia bandarini, ulioanza 1999. Meli mbovu ikizuiwa bandari moja, bandari nyingine zinapata habari. Ila mkataba huo ni wa meli zinazotoka nje. Boti ya Kipumbwi kwenda Mkokotoni haiguswi nao.

Ziwa Victoria, Tanzania na Uganda zina mradi wa mawasiliano na uokoaji chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Mwanza imepangiwa kituo cha uratibu.

Kikosi kimoja au ushirikiano?

Kenya ilichagua njia ya kikosi kimoja. Sheria ilipitishwa 2018, na Novemba mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta alizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani mjini Mombasa. Faida yake ni kwamba mwananchi anajua nani wa kuulizwa. Hasara ni gharama, na hatari ya kikosi kipya kugombana na ofisi za zamani juu ya nani mkubwa.

Kwetu, usajili wa vyombo una pande mbili, Bara na Zanzibar, kwa hiyo njia ya Ulaya inafanana zaidi na hali yetu: ofisi zibaki, taarifa ziwe moja. Lakini njia hiyo inadai kitu kimoja kisichonunuliwa kwa msaada wa wafadhili. Inamtaka ofisa wa gatini amwambie mwenye chombo "leo huondoki", na wakubwa wake wasimpigie simu kumtaka alegeze. Spice Islander na MV Nyerere zilijaa mbele ya macho ya watu. Setelaiti haikuhitajika kuliona hilo.

Mambo ya kufanya unaposafiri majini

- Panda kwenye bandari rasmi. Bandari bubu haina mkaguzi, na ukipotea hakuna atakayejua ulipanda.
- Hakikisha tiketi ina jina lako kamili na jina la chombo, na la mtoto pia liandikwe.
- Mjulishe mtu wa nyumbani jina la chombo na saa ya kuondoka.
- Sikiliza tahadhari ya TMA, hasa kipindi cha kusi ambapo bahari huchafuka.
- Ukifika ndani, tafuta jaketi la kuokolea maisha kabla ya kutafuta kiti, na ujue linavyofungwa.
- Chombo kikijaa, shuka. Nauli iliyopotea hurudi.
- Ukiona ajali ukiwa nchi kavu, piga 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto, taja mahali na muda, na waambie wavuvi walio karibu.