Kilango, si Mrija

Imenifikia orodha ya istilahi za vifaa vya sauti, chapa safi kabisa, na ndani yake ile amplifaya ya kizamani yenye vioo vinavyowaka imepewa jina la "kipaza sauti cha mirija". Huku Kanazi, Buhaya, mrija una kazi inayojulikana: kunywea rubisi, pombe ya ndizi. Aliyetunga jina hilo ama hajaona rubisi, ama hajaona amplifaya.

Tuanze na kipaza. Kupaa huzaa kupaza, yaani kupandisha; kukua huzaa kukuza, yaani kuongeza ukubwa. Kifaa hiki hakipandishi kitu. Kinapokea mawimbi hafifu ya umeme kutoka kwenye diski au simu, kinayatoa yakiwa na nguvu ya kusukuma spika. Kinakuza. Tena "kipaza sauti" kina wenyewe wawili tayari: kile anachoshika mhubiri mkononi, na lile tarumbeta linalofungwa juu ya paa. Kikiongezwa cha tatu, siku ya harusi mtu atatumwa kipaza arudi na kitu kingine. Na sauti yenyewe haimo humo ndani. Huzaliwa kwenye spika. "Kikuza" kinatosha.

Sasa huo mrija. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming aliombea hataza kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye waya wa kupashwa moto na bati la kupokea. Mkondo ulipita upande mmoja tu, ukakataa kurudi. Akakiita valvu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kiungo cha tatu, ambacho baadaye kiliwekwa kama wavu kati ya waya na bati, na hapo ukuzaji ukawezekana: mawimbi hafifu yanayofika kwenye wavu huachia au huzuia mkondo mkubwa. Wamarekani wakashika umbo la kioo, wakakiita bomba. Wafaransa wakatazama mwanga, wakasema taa. Waingereza wakatazama kazi, na neno lao limetokana na Kilatini, valva, ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Mlango! Sisi tunao, na udogo wake ni kilango. Wahaya wana omulyango, ndugu wa damu wa mlango wetu, na pwani kama Buhaya neno hilohilo hutaja pia watu wa ukoo. Neno la nasaba namna hiyo linaachwa nje, unakaribishwa mrija.

Niliwapelekea wahusika wa orodha ile hoja hizi zote, tena kwa vielelezo. Jibu lilikuwa mstari mmoja: neno "kilango" halijazoeleka. Na "neli ombwe", linaloshikiliwa na mtaalamu mmoja ninayemheshimu kwa mambo mengine, limezoeleka wapi? Wanaotaka tuandike "vali" nawaelewa kidogo; angalau wamefika Uingereza, ingawa Roma imewashinda.

Fundi redio wa hapa senta alikuwa na kilango kimoja cha amplifaya mezani. Akanionyesha kileleni mwake: doa lililopaswa kung'aa kama fedha limegeuka jeupe, dalili kwamba hewa imeingia na kifaa kimekufa. Nikamchorea waya, wavu na bati.

"Kumbe Mwalimu, huo wavu ndio unaoruhusu na kuzuia," akasema.

Hakuhitaji semina.

Kuhusu matumizi, kwa kifupi: mwenye kutaka muziki na sinema katika sebule moja akipe kikuza cha vilango spika mbili za mbele, risiva iendeshe ya katikati na za nyuma, nayo iwe na matundu ya kutoa mawimbi ya mbele kabla hayajakuzwa, sabufa ijitegemee, maana milipuko ya sinema inakula umeme. Ndani ya kikuza hicho cha vilango mna volti 300 na zaidi, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, basi watoto wakae mbali.

Orodha hiyohiyo, ukurasa unaofuata, imeita hom thieta "sinema ya kinyumba". Wenye ndoa za kanisani na za msikitini nawaomba wawaeleze wahusika maana ya kinyumba.