Chavua ya Atlanta na Mashamba Yaliyohamwa

Kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, jiji la Atlanta katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, hufunikwa na vumbi la manjano. Magari yaliyolala nje hukutwa asubuhi yamebadilika rangi, na mvua ikinyesha, maji huacha michirizi ya manjano kandokando ya barabara. Vumbi hilo ni chavua ya misonobari, na wingi wake una historia ndefu.

Katika karne ya 19, misitu ya eneo hilo ilifyekwa ili kulima pamba, kwanza kwa jasho la watumwa, kisha, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865, kwa mikono ya wakulima maskini waliogawana mavuno na mwenye shamba. Pamba ilirudiwa palepale mwaka hadi mwaka. Udongo mwekundu ukasombwa na mvua, makorongo yakachimbika. Mnamo miaka ya 1910 akaingia fukusi wa pamba, mdudu aliyetokea Mexico. Jike lake hutoboa tumba na kutaga ndani. Buu hula kutoka ndani, na tumba hudondoka kabla ya kuchanua. Mavuno yakaporomoka. Wakulima wengi, hasa Weusi, wakahamia mijini na majimbo ya kaskazini, na mashamba yakageuka mahame.

Mti uliotangulia kuyatwaa mahame hayo ni msonobari aina ya loblolly. Mbegu yake ina bawa, hupeperushwa mbali na upepo, na huota vyema kwenye udongo uliochoka, palipo na jua kali. Miaka ya 1930 serikali nayo ilipanda miti kuzuia mmomonyoko, na kuanzia 1956 mpango wa Soil Bank uliwalipa wakulima wapumzishe ardhi; huko Georgia wengi walipanda misonobari. Jiji lilipotanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, vitongoji vyake vilijengwa humohumo mitini.

Hata hivyo, msonobari hulaumiwa kupita kiasi. Chembe yake ni kubwa, ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kuelea, na ni mara chache huleta mzio. Inayoumiza zaidi ni mialoni, inayochanua majuma yaleyale. Chembe zake ni ndogo, hazionekani kwa macho, nazo ndizo zinazowasha macho, kuleta chafya na kuamsha pumu.

Ujuzi kwamba chavua huleta maradhi ulichelewa. Daktari John Bostock alieleza ugonjwa huu wa mzio jijini London mwaka 1819, akiwa yeye mwenyewe mgonjwa, lakini hakutambua chanzo chake. Ni Charles Blackley wa Manchester aliyechapisha ushahidi mwaka 1873, baada ya kujitia chavua puani na kuipaka kwenye ngozi yake aliyoikwaruza. Mwaka 1911 Leonard Noon alitangaza tiba ya sindano za chavua.

Siku hizi chavua ya Atlanta hunaswa kwenye kifaa chenye kinata, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huhesabu chembe kwa hadubini. Chembe 1,500 katika mita moja ya ujazo ya hewa tayari ni kiwango cha juu mno. Tarehe 20 Machi 2012 zilihesabiwa 9,369. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13, hadi tarehe 29 Machi 2025, zilipofika 14,801.