Kabla ya Ndege Kulikuwa na Modeli

Mwaka 1843 zilichapishwa London picha za ndege ikipita juu ya piramidi za Misri. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa karibu mita 46 kutoka ncha hadi ncha, na injini ya mvuke ilizungusha pangaboi mbili kwa nyuma. Mbunifu wake, William Samuel Henson, na washirika wake walikuwa wamepanga kuunda kampuni ya kusafirisha abiria na barua hadi India na Uchina, na suala hilo likafikishwa Bungeni. Ndege yenyewe haikuwako. Kilichokuwako ni michoro na hataza ya mwaka 1842.

Miaka sita baadaye, mmisionari Ludwig Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, kwa miguu hadi Ukambani. Alipokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kwa mbali. Safari ilimchukua majuma kadhaa katika nchi kavu ya nyika. Msomaji wa Machakos, hukohuko Ukambani, akiziweka picha za Henson kando ya safari hiyo, ataelewa jinsi ndoto ile ilivyoitangulia dunia ya siku zake.

Watu wengi humkumbuka Henson kwa sababu alichekwa. Mimi namheshimu kwa alichofanya baadaye. Yeye na mwenzake John Stringfellow, fundi wa mjini Chard aliyekuwa katika biashara ya mashine za kufuma lesi, waliacha picha wakajenga modeli ya mita sita hivi. Kati ya 1844 na 1847 waliijaribu mara kwa mara ikakataa kupaa. Henson alikata tamaa akahamia Marekani. Stringfellow alibaki, akajenga nyingine ya mita tatu, na mwaka 1848 akaiachilia ndani ya jumba la kiwanda ikiteleza kwanza juu ya waya. Kama iliruka kweli au iliteremka polepole tu, wanahistoria wanabishana hadi leo. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba ndege ya kubuni ilipelekwa mbele ya hakimu wake, na hakimu huyo alikuwa modeli.

Anayekaa leo Machakos akatamani kujenga ndege ya rimoti aliyoiona kwenye filamu, ndege ambayo haijawahi kutoka kiwanda chochote, huenda akaambiwa anacheza. Historia inamwunga mkono. Kila ndege ilikuwa ya kubuni kabla ya kuruka, na karibu kila mara modeli ndiyo iliyotangulia.

Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, kijana Alphonse Pénaud alirusha modeli ya gramu 16 iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Iliruka sekunde 11. Uzito wa modeli ile ulikuwa sawa na wa sarafu chache tu, lakini Pénaud alionyesha jambo kubwa: ukiweka mkia mdogo nyuma na kuuinamisha kidogo, na uzito ukikaa mbele ya kutosha, ndege hujirekebisha yenyewe pua inapopanda au kushuka. Kitu kingine alichobuni, helikopta ya kuchezea ya mpira, kilinunuliwa Marekani mwaka 1878 na askofu Milton Wright akawapelekea wanawe wawili, Wilbur na Orville.

Hata hivyo hakimu huyu, modeli, haoni kila kitu. Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, alirusha modeli ya mvuke juu ya mto Potomac tarehe 6 Mei 1896 ikaenda karibu kilomita moja. Akaikuza hadi kiasi cha kubeba mtu. Mwaka 1903 ndege hiyo kubwa ilitumbukia mtoni mara mbili, Oktoba na Desemba, na siku tisa baada ya mara ya pili ndugu wa Wright wakaruka. Sababu mojawapo ya Langley kushindwa iko kwenye hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Ukizidisha vipimo vyote mara mbili, eneo la mabawa huongezeka mara nne, uzito mara nane. Modeli itakueleza kama umbo lina mizani. Haitakueleza kama mbao zitahimili.

Redio ilichelewa kuja, na ilikuja kwanza majini. Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio jijini New York mwaka 1898. Uingereza ilikuwa na ndege kamili ya kuongozwa kwa redio mwaka 1935, iliyoitwa Queen Bee, nayo ilitumiwa na wapiga mizinga kama shabaha. Miongoni mwa wapenzi wa modeli, wanaokumbukwa zaidi ni ndugu Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, ambao mwaka 1937 walirusha modeli yao, Guff, kwa redio waliyoijenga wenyewe. Sasa iko Smithsonian. Huko California mwigizaji Reginald Denny alifungua duka la modeli, na duka hilo likazaa kiwanda kilichotengeneza karibu ndege 15,000 za shabaha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndege zinazodondosha damu kwa parachuti kwenye hospitali za Rwanda tangu Oktoba 2016 zinatoka katika ukoo huohuo: bawa jepesi, mota ya umeme, na hakuna mtu ndani.

Katika historia yote hii, mfano unaonivutia kuliko yote uko Japani. Mwaka 1984 Hayao Miyazaki alitoa filamu ya katuni, Nausicaä, ambamo msichana huruka juu ya chombo cheupe kinachofanana na shakwe. Hakina mkia wala pahali pa kuketi. Mwaka 2003 msanii Kazuhiko Hachiya aliamua kukifanya kiruke kweli. Hakukurupuka. Alianza na modeli ndogo ya rimoti, akaendelea na chombo kisicho na injini kinachobeba mtu, ndipo akafika kwenye injini ya jeti. Mwaka 2016 alikirusha mbele ya watazamaji huko Takikawa, Hokkaido, na mwaka 2019 akakipeleka kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh, Marekani. Ndege isiyo na mkia ni ngumu, kwa sababu ule msaada wa Pénaud wa kujirekebisha haupo. Inabidi ukingo wa nyuma wa bawa upindwe juu kidogo na uzito usogezwe mbele. Mchoraji wa katuni halazimiki kulijua hilo. Mjenzi analazimika.

Turudi nyumbani. Filamu ya Black Panther ilipozinduliwa Kisumu mnamo Februari 2018, watoto wa Kenya waliona ndege ya Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, ambayo ukiitazama kutoka juu inafanana na barakoa ya Kiafrika. Ni umbo linalostahili kujengwa, na Machakos ina mikono ya kulijenga. Wamunyu imekuwa kituo cha wachongaji tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi alioupata huko. Ila mti wa mchongaji haufai kuruka. Mpingo na muhuhu ni mizito mno.

Mmea unaofaa unaota kando ya barabara. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 na mimea 62 tu ikafika hai, huchanua mara moja maishani, husimamisha mlingoti wa mita kadhaa, kisha hufa. Mlingoti huo ukikauka ndani huwa kama sifongo, mwepesi kiasi cha kumshangaza anayeubeba kwa mara ya kwanza. Mafundi wa modeli ng'ambo hununua balsa ya Ekuador. Hapa mlingoti wa mkonge unaweza kupasuliwa vipande vyembamba ukawa mifupa ya bawa, ngozi yake ikawa karatasi au povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, na spoki za baiskeli zikavuta usukani. Vinavyobaki kununuliwa ni mota, betri, mota ndogo za usukani, kipokezi na rimoti.

Mtu wa Machakos ana jambo moja zaidi la kuhesabu ambalo mwenzake wa Mombasa hana. Mji uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Modeli ileile, yenye uzito uleule, itahitaji mwendo wa karibu asilimia 8 zaidi ili ibebwe, na pangaboi itapata hewa kidogo ya kusukuma. Jua la saa saba mchana huizidishia hewa wepesi. Kwa hiyo ongeza eneo la bawa kuliko mchoro wa kigeni unavyosema, punguza kila gramu, na urushe asubuhi mapema kabla upepo haujaamka milimani.

Kabla ya kuweka mota yoyote, jenga kwanza umbo hilo dogo kwa povu, la upana wa mkono, ulirushe kwa mkono. Ongeza udongo wa mfinyanzi puani kidogo kidogo mpaka liteleze bila kuinua pua wala kuzama. Weka alama mahali linapotulia ukilibeba kwa vidole viwili. Mahali hapo, kwa kulinganisha vipimo, ndipo ndege kubwa itakapotulia pia. Jaribio lenyewe halihitaji hata betri.

Shule za sekondari msingi sasa zinafundisha masomo ya awali ya ufundi, Chuo Kikuu cha Machakos kiko mjini, na mji wa teknolojia wa Konza uko ng'ambo kidogo ya barabara ya Mombasa. Walimu na wahadhiri, wapeni wanafunzi ndege moja ya kubuni kila mwaka waijenge mpaka iruke. Hesabu, fizikia na ufundi vitakuwa katika kazi moja. Na wewe utakayejenga nyumbani, fahamu kwamba Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu 2020 na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Syokimau na Mlolongo ziko jirani na uwanja wa ndege wa JKIA, hivyo huko si mahali pa majaribio. Waulize KCAA kwanza, kisha utafute uwanja mpana ulio mbali na watu na njia za ndege.