Athari za redio kwa mwenendo wa watu (Tanzania, Rwanda na Kongo)

Athari za redio ni mabadiliko ya maarifa, mitazamo na matendo ambayo mtu au jamii hupata kutokana na matangazo. Nchi za Magharibi zimelichunguza suala hili kwa miongo mingi, lakini baadhi ya ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Tanzania, Rwanda na mashariki ya Kongo, ambako kwa muda mrefu redio ndiyo iliyofika vijijini kuliko gazeti na televisheni. Ushahidi huo unaonyesha kwamba matangazo peke yake hubadili machache. Yanayobadili mengi ni yale wanayozungumza wasikilizaji baada ya kipindi, na watu wanaoyaongoza mazungumzo hayo.

Mwaka 1940 mwanasosholojia Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, wakakuta kwamba jamaa na marafiki waliwashawishi watu kuliko magazeti na redio. Mwaka 1948 yeye na mwanasosholojia mwenzake Robert Merton walitaja hali tatu zinazovipa vyombo vya habari nguvu: kusiwepo sauti nyingine ya kupinga, ujumbe ufuate mkondo ambao watu tayari wanauelekea, na matangazo yaungwe mkono na mazungumzo ya ana kwa ana. Hali hizo tatu zinaeleza vizuri yaliyotokea Tanzania.

Mtu ni Afya

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha mfululizo wa kampeni za redio. Kubwa kati ya zile za awali ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilidumu wiki 12, ikawafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Mada zilikuwa maradhi ambayo kila kaya iliyajua: malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu.

Ufundi wa kampeni hii ulikuwa katika kikao chenyewe. Watu walikusanyika na redio moja na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kampeni, kikisomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asibaki nyuma. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Hapo kiongozi hakutakiwa kuhutubia, bali kuuliza: maji ya hapa kwetu yanatoka wapi? Mbu wanazaliana wapi? Nani bado hana choo, na tutamsaidia lini? Kikundi kikaamua, kisha watu wakashika majembe. Walifyeka nyasi kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Idadi ya vyoo hivyo ilikadiriwa kuwa mamia ya maelfu.

Sifa hizo zisiende zote kwa redio. TANU, chama tawala, ilikuwa na wajumbe hadi ngazi ya nyumba kumi, na wapo waliochimba choo kwa sababu mjumbe angepita kukagua. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikuwa kituo pekee Tanzania Bara, kwa hiyo sauti ya kupinga haikusikika hewani. Hata hivyo mpango ule ulimheshimu mwanakijiji kama mtu mwenye akili ya kuamua, na hilo linastahili kukumbukwa leo, wakati matangazo mengi ya afya yanaishia kwenye wimbo mfupi na kauli ya kuamrisha.

Twende na Wakati

Mwezi Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Ulifuata njia iliyobuniwa Mexico na Miguel Sabido: mhusika mwema, mhusika mbaya, na wale walio katikati ambao msikilizaji anajiona ndani yao. Mhusika mbaya aliitwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani. Mkewe, Tunu, alikuwa mnyonge mwanzoni, lakini kadiri vipindi vilivyosonga alijifunza kujitegemea, na Mkwaju akaishia kuugua Ukimwi.

Kilichoupa mchezo huu umaarufu wa kitaaluma ni Dodoma. Kati ya 1993 na 1995 mtambo wa huko ulirusha vipindi vingine wakati huo huo, hivyo watafiti Everett Rogers, Ramadhan Swalehe na wenzao waliweza kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Katika maeneo yaliyoupata, wateja wapya wa uzazi wa mpango waliongezeka katika kliniki zilizochunguzwa, na wanandoa walizungumza zaidi juu ya idadi ya watoto. Dodoma hali ilibaki karibu ile ile, hadi mchezo ulipofika huko. Mume na mke ambao hawakujua waanzie wapi walipata pa kuanzia, kwa kuwa kumjadili Tunu ni rahisi kuliko kujijadili wenyewe.

Rwanda

Chombo kile kile kilichosaidia kuchimba vyoo Tanzania kilisaidia kuua Rwanda. Kituo cha RTLM (Radio Télévision Libre des Mille Collines) kilianza kurusha matangazo Rwanda mwezi Julai 1993. Ilipendwa upesi kwa muziki wa Kongo na watangazaji walioongea kama vijana wa kijiweni, wakipokea simu za wasikilizaji na kutaniana. Mapenzi hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyoifanya iwe hatari. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza, na sauti zile zile zilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, nao waliokaa kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa na redio pembeni.

Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, tarehe 3 Desemba 2003. Rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu zao. Wanazuoni hawakubaliani kuhusu kiasi cha athari. David Yanagizawa-Drott, akilinganisha maeneo yaliyopata mawimbi na yale yaliyozuiwa na vilima, alikadiria kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na RTLM. Scott Straus, aliyewahoji wauaji magerezani, alisikia zaidi habari za viongozi na majirani waliopita nyumba kwa nyumba. Matokeo haya hayapingani sana, kwa sababu redio ilitangaza kwamba kuua kumeruhusiwa, na jirani mlangoni akalithibitisha. Hatia ya watangazaji haipungui kwa hilo hata kidogo.

Baada ya mauaji hayo, mchezo wa redio Musekeweya ulianza mwaka 2004 kuzungumzia chuki na maridhiano. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alivifuatilia vikundi vya wasikilizaji wa mchezo huo, na vingine vya kulinganisha vilivyosikiliza mchezo wa afya, kwa mwaka mmoja na kuchapisha matokeo 2009. Imani binafsi za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyodhani jamii yao inakubali: kuaminiana, kuoana na wasio wa kabila lako, kutoa maoni yanayotofautiana. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kaseti, kikaachiwa kiamue namna ya kuvitunza. Vikundi vilivyosikiliza mchezo wa afya vilielekea kukabidhi kila kitu kwa kiongozi wa eneo. Vya Musekeweya vilibishana, vikapata namna ya kusimamia kwa pamoja.

Kongo

Mashariki ya Kongo Paluck alichunguza mchezo wa Kiswahili ulioitwa Kumbuka Kesho. Katika baadhi ya maeneo mchezo ulifuatiwa na kipindi cha mjadala kilichowahimiza wasikilizaji kuendelea kuzungumza. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2010, walizungumza zaidi kweli, lakini wakawa na uvumilivu mdogo zaidi na kukumbuka zaidi madhila waliyotendewa. Walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangegawia kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu kuliko wale waliosikia mchezo peke yake.

Tofauti na Mtu ni Afya ni kubwa. Kule 1973 kulikuwa na kiongozi aliyefunzwa, kitabu mkononi, na kazi ya kufanya kesho yake. Kongo, ambako vita havikuwa vimekwisha, watu walihimizwa kuzungumza, kisha wakaachwa na machungu yao.